Nusu Mita na Vidole Viwili

Mama Mkasi hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukiona upande mmoja. Miaka thelathini ya kushona ilimfundisha kugeuza kila nguo ndani nje, akague mshono, ndipo aseme kama ni nguo au ni takataka. Tabia hiyo ikamhamia moyoni. Mtu akimsalimia kwa tabasamu, ile salamu naye huigeuza. Huyu ana nini? Anataka nini? Mbona leo kacheka?

Basi siku mpimaji wa ardhi alipoinuka kutoka kwenye kishimo alichochimba chini ya kamba ya kuanikia nguo, akapangusa magoti na kusema, "Mama, jiwe la mpaka hili hapa," Mama Mkasi hakulitazama jiwe. Alimtazama jirani.

Jirani mwenyewe ni Fundi Saa, mtu mrefu, mkimya, aliyetengeneza saa za watu tangu ujana wake. Alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, mikono nyuma, lenzi yake ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso. Wala hakushangaa. Jiwe linaibuka mahali ambapo hakuna aliyejua kuwa kuna jiwe, na mtu anaangalia kama anayesubiri chai ichemke! Hapo ndipo Mama Mkasi alipochomwa.

"Hilo jiwe linafanya nini uani kwangu?"

"Jiwe liko mahali pake, mama," mpimaji akasema. "Ni uzio ndio uliohama. Hati yako inasema kiwanja kina upana wa mita ishirini. Toka jiwe la kule mwisho mpaka hili, ni mita ishirini. Toka kule mpaka kwenye uzio, ni ishirini na nusu, na vidole viwili juu yake. Mmeingia kwa jirani."

"Sisi? Tumeingia sisi?"

"Uzio umeingia," mpimaji akajibu kwa adabu, akaanza kukunja tepu yake ya chuma.

Mtu aliyetaka kuinunua nyumba ya Mama Mkasi alikuwepo. Ni mkunga mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliyeipenda nyumba ile kwa madirisha yake makubwa. Akafunga mwavuli wake. "Mimi nanunua nyumba, sinunui kesi. Nitakuja Ijumaa. Niwakute wewe na jirani yako mmetia sahihi kwenye ramani ya huyu bwana, kwamba mpaka mnaujua na mnaukubali. Kama hamjatia, kuna nyumba nyingine nimeshaitazama."

Ilikuwa Jumatatu. Na Mama Mkasi alikuwa hana nyumba ya pili ya kuuza wala mnunuzi wa pili wa kumngoja.

Sababu ya kuuza ilikuwa imekaa dirishani. Mumewe, ambaye mpaka leo watu humwita Dereva, aliendesha lori miaka thelathini na moja na hakupata kukaa nyumbani siku tatu mfululizo bila kuanza kuzungukazunguka. Miezi minane iliyopita alipigwa na kiharusi. Mguu na mkono wa kulia vikafa ganzi, na maneno yakamwisha kinywani yote. Nyumba yao iko juu, kwenye mteremko, na toka mlangoni mpaka barabarani ni ngazi thelathini na nane za mawe. Alipelekwa hospitali akabebwa kwenye blanketi na wanaume wanne. Aliporudishwa, mmoja wao aliteleza, blanketi likainama, na Dereva, mtu mzima mwenye mvi, akalia mbele za watu. Tangu hapo hakubali kubebwa. Wakija kumbeba anashika fremu ya dirisha kwa mkono wa kushoto, na ule mkono mmoja una nguvu za watu wawili.

Kwa hiyo anakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, anatazama uani, na akitaka kitu anagonga kioo kwa kijiko. Mama Mkasi alikuwa ameona nyumba ndogo ya chini, tambarare, isiyo na hata kizingiti, karibu na mahali malori yanapolala. Alimwambia mumewe, "Nitakutoa humu, hata kama itabidi niiuze nyumba na sufuria zake." Dereva aligonga kijiko. Mkewe akahesabu kwamba hiyo ni ndiyo.

Wageni walipoondoka, Mama Mkasi akaingia ndani na kufungua droo ya cherehani yake ya zamani, iliyostaafu tangu anunue ile anayoshonea dukani kwake. Akatoa futi ya kitambaa, ile ya mita moja na nusu wanayovaa mafundi shingoni. Nitapima mwenyewe. Watu na matepu yao ya chuma, nani ajuaye walichoyafanya!

Alianza kwenye jiwe la mwisho, lile lisilo na ubishi. Akapiga magoti, akanyoosha futi, akachoma pini kwenye udongo, akaisogeza, akachoma nyingine. Alikuwa na pini za kutosha na hasira za kutosha. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi. Mara kumi na tatu, kisha nusu mita. Ncha ya futi ikagusa mti wa uzio, paap.

Mita ishirini. Kamili, kama hati ilivyosema!

Dirishani Dereva alikuwa anagonga kijiko kama kengele ya shule. "Umeona, mume wangu?" Mama Mkasi akampungia futi hewani. "Umeona? Walitaka kutufanya wajinga!" Dereva akazidi kugonga, uso umemwiva. Maskini, akafikiri mkewe, naye amepandwa na hasira.

Sasa vitu vikaanza kujipanga kichwani, kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilikuwa na mshono mbaya. Mpimaji alipofika asubuhi alianzia wapi? Kwa Fundi Saa. Alikunywa nini? Chai, tena vikombe viwili, na maneno yakinong'onwa juu ya meza. Na lile toroli? Wiki nzima iliyopita, kunapopambazuka tu, Fundi Saa anasukuma toroli lililofunikwa gunia nyuma ya nyumba yake, karibu kabisa na uzio. Siku nyingine alimwona amechuchumaa kwenye uchochoro kati ya ukuta wake na uzio, kijiti mkononi, anapima, anatikisa kichwa, anapima tena. Halafu zile wiki tatu za hospitali, nyumba hii ilikuwa tupu. Mtu mwenye mikono ya kufungua saa ndogo kama kifungo atashindwa kufukua jiwe na kulifukia upande wa pili?

Na kuna jingine, lililomfanya apigwe na butwaa alipolikumbuka. Dereva alipotoka hospitali, Fundi Saa alikuja mara mbili. Mara zote mbili alisimama mlangoni, akakohoa, akasema, "Shemeji, nilitaka tuzungumze habari ya ule uzio." Mume wa mtu hajapoa kitandani, wewe unakuja na habari ya uzio! Mama Mkasi alimjibu mara zote mbili, "Uzio uko palepale ulipo, na mpaka ni mpaka," akafunga mlango.

Kumbe alikuwa anapima kina cha maji. Mwizi mkubwa!

Jumanne asubuhi akamfuata kazini. Fundi Saa ana kibanda chembamba chenye saa za ukutani kila upande, na hakuna hata mbili zinazosema wakati mmoja, kwa kuwa zote ni wagonjwa. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi. Mama Mkasi hakuwajali.

"Jirani, nimepima. Uzio uko sawasawa. Sasa niambie, jiwe ulilihamisha lini?"

Fundi Saa akashusha lenzi jichoni, akaipandisha tena. "Shemeji, jiwe sijaligusa."

"Na toroli?"

"Toroli lina udongo."

"Udongo wa nini?"

Akawatazama wateja, akatazama mezani kwake, masikio yakimwiva. "Njoo nyumbani jioni nikuonyeshe."

"Nije nionyeshwe nini, shimo la pili? Miaka yote nakuona mtu wa heshima, kumbe ni mwizi wa mchana! Unamvizia mgonjwa asiyeweza kusema!"

Saa ziliendelea kugonga, kila moja kivyake. Fundi Saa akaweka kibanio chake chini polepole na kusema, "Alichoandika mpimaji nitatia sahihi. Zaidi ya hapo sina neno." Akainamia kazi. Mama Mkasi akatoka kifua mbele, lakini njiani akapunguza mwendo, maana sahihi ya mtu huyo ndiyo aliyokuwa anaihitaji, na ameenda kumtukana mbele ya watu.

Jumatano hakulala vizuri wala hakushona vizuri. Ramani ilikuwa mezani, na mahali pa sahihi yake peupe. Akitia sahihi, amekubali kuwa yeye ndiye mwizi. Asipotia, mkunga anakwenda zake, na Dereva atabaki dirishani mpaka, Mungu apishe mbali, atolewe kwa namna nyingine. Alijaribu kusema moyoni, nusu mita tu, mwachie. Moyo ukakataa katakata. Siyo nusu mita, ni kuchezewa.

Na Dereva naye alikuwa amechachamaa. Tangu Jumatatu haachi kugonga kijiko, akitazamwa anaonyesha cherehani ya zamani. Mkewe alimpa mkasi, akautupa. Alimpa miwani iliyokuwa droo ya juu, akaitupa. Alimpa uzi, na huo akaurusha mpaka jikoni. "Unataka kushona sasa? Hebu nihurumie, mwenzio maji yamenifika shingoni."

Alhamisi alasiri alirudi kutoka dukani na futi ya kazini bado imemning'inia shingoni. Hajaweka hata mkoba, kijiko kikaanza. Mama Mkasi akavuta pumzi ndefu, akaichomoa droo yote, akammwagia mumewe mapajani. Vifungo, pini, chaki, nyuzi, vyote. "Haya! Chagua mwenyewe!"

Dereva akachagua. Alichambua kwa mkono wa kushoto mpaka akaipata ile futi ya zamani. Kisha akanyoosha mkono na kumvua mkewe ile ya shingoni. Akaweka ncha za futi zote mbili pamoja juu ya paja, akaunyanyua mkono wake wa kulia, ule uliokufa, akaulaza juu yake kama jiwe la kukandamizia. Akazivuta zote mbili kwa pamoja, taratibu, mpaka mwisho. Akamtazama mkewe.

Futi ya zamani ilipitiliza. Mia na hamsini yake ilikuwa imeipita mia na hamsini ya mpya kwa vidole viwili vizima.

Mama Mkasi akakaa chini sakafuni, katikati ya vifungo.

Hakuna fundi wa nguo asiyelijua hilo. Futi ya kitambaa huvutika. Unaivuta kwenye viuno vya watu, unaining'iniza, inalowa jasho, na mwaka hata mwaka inarefuka. Na mwenye nayo haoni, kwa sababu mteja unampima kwa hiyohiyo na kitambaa unakikata kwa hiyohiyo, nguo inakaa vizuri na unasifiwa. Ndiyo maana fundi mwenye akili huitupa mapema. Yeye hakuitupa. Aliitoa kazini, akaileta nyumbani ya kupimia mapazia.

Na ikamrudia yote kama jana. Miaka kumi na tisa iliyopita, udongo umesawazishwa, mawe ya mpaka yamefukiwa, limebaki lile la mwisho. Mjenga uzio amefika na tepu yake imekatika. Dereva ana safari mchana, hataki kungoja. "Mke wangu, si una futi ndani? Lete. Shika ncha hiyo." Yeye ndiye aliyeshika. Yeye ndiye aliyehesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku wanataniana. Vidole viwili mara kumi na tatu na kidogo. Nusu mita na ushee. Tangu siku ile futi ililala kwenye droo, ikimngojea aje kuiamini tena.

"Ni mimi," akasema. "Jamani, ni mimi! Na mtu nimemwita mwizi mbele ya wateja wake!" Akaficha uso kwa aibu, machozi yakamtoka ya kweli. Dereva akainama kadiri alivyoweza, akamgonga utosini kwa kijiko, mara moja, polepole.

Jua lilikuwa bado halijazama. Mama Mkasi akafunga futi zote mbili mkononi, akashuka ngazi thelathini na nane, akazunguka barabarani mpaka kwenye lango la Fundi Saa. Miaka yote walisemezana juu ya uzio, na lango lile alikuwa hajalipita tangu msiba wa mke wa jirani. Akalisukuma. Akasimama.

Toka langoni kulikuwa na njia. Udongo mpya ulioshindiliwa vizuri, umepanda taratibu kufuata ukuta wa nyumba, hauna ngazi hata moja, na pembeni umezuiwa kwa vipande vya matofali. Toroli lilikuwa limeegeshwa hapo. Njia ikapanda, ikakunja kona, ikaja mpaka nyuma, mkabala na mlango wa jikoni kwake Mama Mkasi. Hapo ikabanwa kati ya ukuta na uzio, ikawa nyembamba kiasi cha kumpitisha mtu mmoja kwa ubavu. Fundi Saa alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anafuta koleo. Kando yake, kwenye ukuta, kuliegeshwa kile kijiti.

"Hicho kijiti ni cha nini?" Hata katika aibu yake Mama Mkasi hakuacha kuuliza.

"Ni upana wa kiti cha ndugu yangu," Fundi Saa akasema. "Nilikadiria kwa macho, pale dirishani. Sentimita sitini na tano. Hapa nafasi ni hamsini. Nimejaribu kukwangua ukuta, lakini ukuta ni wa nyumba."

Mama Mkasi akakosa pa kuweka macho. "Ndiyo habari ya uzio uliyokuja nayo."

"Ndiyo hiyo."

"Si ungesema!"

"Nilisema. Nilianza na uzio, ukafunga mlango. Mara ya pili nikaanza na uzio tena." Akakuna shingo. "Mpimaji alipokuja nikamuita chai, nimuulize kama huenda kipande cha hapa ni changu. Ningekuwa na haki, nisingelazimika kukuomba. Kukuomba wewe, shemeji, nisamehe, ni kazi ngumu kuliko toroli."

Hapo Mama Mkasi akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamwonyesha zile futi, akamweleza tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kujificha hata kidogo. Fundi Saa akazishika, akazilinganisha, akashusha lenzi kabisa ili aone vizuri. "Vidole viwili," akasema kwa heshima, kama mtu anayetazama saa nzuri.

"Nilikutukana mbele ya watu. Kesho nitakuja kibandani, niseme mbele ya watu."

"Njoo na hizi futi. Bila hizi hawatakuamini."

Alikwenda, kulipokucha tu, akasema yote, na mteja mmoja akaomba kuivuta ile futi aone mwenyewe. Wakarudi pamoja. Saa nne uzio ulikuwa chini upande ule wote wa jikoni, na mashimo mapya yanachimbwa kwenye mstari wa jiwe. Kisha Fundi Saa akaenda mbele ya kiti, kinyumenyume, na Mama Mkasi akashika mishikio. Dereva hakushika fremu ya dirisha. Alitoka mlango wa jikoni, akapita kwenye nafasi ya mita moja na zaidi, akashuka njia ya udongo, macho yamemtoka, haamini. Barabarani lori lililojaa mchanga lilikuwa linapita. Akainua mkono wa kushoto juu kabisa. Dereva wa lori, ambaye hata hamjui, akapiga honi ndefu.

Mkunga akawakuta hapohapo chini, wanafutana jasho. "Mmeafikiana?"

"Tumeafikiana," Fundi Saa akasema. Ramani ikawekwa juu ya toroli, wote wawili wakatia sahihi. Mkunga akaridhika, akatoa karatasi za mauzo na kumpa Mama Mkasi kalamu. "Basi malizia hapa."

Mama Mkasi akaishusha kalamu, ikasimama kabla ya kugusa karatasi. Miezi minane alikuwa akimtafsiria mumewe kijiko vile alivyotaka mwenyewe. Hakuwahi kumuuliza swali na kungoja jibu. Akamgeukia. Kiti kilikuwa kimeelekea barabarani, kwenye malori na vumbi lake.

"Mume wangu. Tuuze?"

Dereva akaweka mkono wa kushoto kwenye gurudumu, akalisukuma. Kiti cha kusukumwa upande mmoja hakiendi mbele, huzunguka. Kikazunguka nusu duara, taratibu, mpaka kikaitazama njia ya udongo na nyumba kule juu.

"Ngoja kwanza," Mama Mkasi akasema, macho ameyakaza. "Umegeuka kwa kutaka, au ni kwa kuwa mkono ni mmoja?" Akakishika kiti, akamrudisha kuelekea barabarani, akaachia na kurudi hatua mbili nyuma. "Haya. Tuuze?"

Dereva akamtazama kwa uchovu wa mtu aliyeoa miaka mingi. Akasukuma gurudumu tena. Kiti kikazunguka, kikafika mahali palepale, na hapo akalishika gurudumu kikasimama imara, akautoa mkono, akauweka mapajani.

Mama Mkasi akafunika kalamu, akamrudishia mkunga.